Benzini ilishuka karibu miaka miwili, sasa imepanda ghafla kwenye kisima kimoja. Nani ana maelezo?

#1 Mpimamaji
Wadau, habari. Naangalia eneo ambalo zamani lilikuwa kituo cha mafuta. Tangi la petroli lilivuja, likafukuliwa miaka tisa iliyopita pamoja na udongo uliolowa, na shimo likajazwa mchanga safi. Baadaye pampu ilivuta maji machafu kwa muda, kisha ikazimwa. Tangu hapo kazi yangu ni kupima visima sita vya uangalizi kila baada ya miezi mitatu.

Shida ni kisima namba 4. Kiko mita 18 kutoka lilipokuwa tangi, upande ambao maji ya chini yanaelekea. Hivi hapa ni vipimo kumi mfululizo vya benzini (kiungo cha sumu kilichomo ndani ya petroli, siyo petroli yenyewe), kwa mikrogramu kwa lita:

640, 510, 420, 430, 300, 210, 140, 95, 380, 720

Ilipofika 95 nilikuwa nimeshaanza kuandika ripoti ya kuomba eneo lifungwe. Ya 380 nikadhani ni makosa ya maabara. Ya 720 imeninyima usingizi. Namba 2, kilicho mita 8 tu kutoka kwenye shimo la tangi, kimekaa kwenye 40 hivi muda wote huo. Inakuwaje cha karibu kitulie, cha mbali kipande? Mita 150 mbele kuna nyumba za watu wanaokunywa maji ya visima vyao, kwa hiyo siwezi kulifumbia macho.

#2 Fundi Visima
Kina cha maji kilikuwa ngapi kila ulipopima? Namba za benzini bila kina cha maji ni nusu ya barua.

#3 Kiguu na Njia
Mimi ningerudia sampuli kwanza kabla ya kuwaza mengi. Chupa moja ikiingia hewa, majibu yote yanaharibika.

#4 Dada wa Maabara
@Kiguu na Njia, hewa inaharibu kweli, ila inaharibu kwa kupunguza. Benzini huruka upesi sana. Ukiacha kiputo ndani ya chupa, sehemu yake inatoka kwenye maji na kuingia kwenye kile kiputo, halafu mashine inasoma kidogo kuliko kilichokuwepo. Ndiyo maana tunatumia vichupa vya kioo vya mililita 40, vinajazwa hadi ukingo unafura, vinafungwa, vinageuzwa juu chini kuangalia kama kuna kiputo. Ndani vinawekwa asidi haidrokloriki ili pH ishuke chini ya 2 na bakteria wasiendelee kula benzini njiani. Vinakaa kwenye ubaridi wa nyuzi 4 na kupimwa ndani ya siku 14. Bila asidi, siku 7 tu.

Kwa hiyo mkuu Mpimamaji, kama kuna chupa za kutilia shaka hapa, mimi ningeitilia shaka ile ya 95 kabla ya hii ya 720.

Ulichukua sampuli pacha? Na ile chupa ya maji safi inayosafiri na sanduku kwenda na kurudi ilisomaje?

#5 Mpimamaji
Asanteni. Pacha ya mara ya mwisho ilisoma 690, na chupa ya safari ilikuwa safi kabisa. Maabara naiondolea lawama.

Kina cha maji namba 4, mita kutoka mdomo wa kesingi (bomba la kisima), kwa mpangilio uleule:

5.2, 5.4, 5.5, 5.5, 5.9, 6.1, 6.4, 6.6, 5.6, 4.9

#6 Fundi Visima
Sasa barua imekamilika. Hebu ziweke hizo safu mbili kando kwa kando. Maji yaliposhuka, benzini ilishuka nayo. Yalipopanda, ikapanda.

Petroli ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu ya usawa wake. Usawa ukipanda na kushuka miaka na miaka, mafuta nayo yanapanda na kushuka, na kila mara yanaacha matone yamenasa katikati ya chembe za mchanga. Unabaki na tabaka zima lililopakwa mafuta, pengine mita moja au mbili kwa unene. Sisi tunaliita tabaka la masizi, kwa sababu ndivyo linavyoonekana ukitoa udongo wake. Hapo kwako maji yalipokwenda chini hadi 6.6, tabaka lile lilibaki juu likiwa kavu. Maji yalikuwa yanapita chini yake bila kuligusa, na wewe ukapima maji yaliyokuwa masafi kiasi. Sasa yamerudi juu, yanaoga ndani ya yale matone.

Maana yake haukuwa unaona usafi. Ulikuwa unaona kiangazi.

#7 Mchanga Mwekundu
Fundi, nakuheshimu, lakini maelezo yako yana tundu. Namba 2 nacho maji yake yamepanda, maana mita kumi hazibadilishi usawa kiasi hicho. Mbona chenyewe kimetulia kwenye 40?

Halafu si kila eneo linafuata mwendo huo. Nilipofanya kazi mimi ilikuwa kinyume chake: maji yakishuka ndipo mafuta yanatiririka na kuingia kisimani, yakipanda yanazama yamenaswa na kisima kinaonekana kisafi.

#8 Fundi Visima
Namba 2 kimekaa ukingoni mwa shimo lililofukuliwa na kujazwa mchanga safi. Hakuna tabaka la kuoga pale, lilibebwa na lori. Na wewe unazungumzia mafuta yenyewe kuingia kisimani. Mimi nazungumzia benzini iliyoyeyuka ndani ya maji. Ni vitu viwili.

#9 Mchanga Mwekundu
Ni viwili, lakini vinatoka kwenye chanzo kimoja. Kama mafuta yamezama na kunaswa, maji yanayapita kwa shida, kwa hiyo hata kuyeyuka kunapungua. Sijaridhika.

#10 Mpimamaji
Kuna jambo nimelikumbuka nikisoma komenti ya Dada wa Maabara. Hadi kipimo cha nane tulikuwa tunachota kwa beila, ile kata ndefu ya kamba. Kuanzia cha tisa tumetumia pampu ya mwendo wa polepole.

#11 Kiguu na Njia
Mkuu! Hilo ndilo lingekuwa sentensi ya kwanza ya uzi. Tumepigana kurasa nzima na kata ya kamba imejificha mfukoni mwako.

#12 Mchota Sampuli
Hili ndilo eneo langu, nimechota kwa njia zote mbili.

Beila inapotumbukia, inapiga maji kama mtu anayeruka mtoni. Ukiivuta, ukamimina kwenye kichupa kutoka juu, benzini inaruka mbele ya macho yako. Isitoshe, inakoroga safu yote ya maji kisimani, ya juu na ya chini, ya masafi na ya machafu, yanakuwa uji mmoja. Utaratibu wa zamani ulidai utoe mara tatu ya ujazo wa maji yaliyo kwenye kesingi kabla ya kuchukua sampuli. Kesingi ya milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita. Kisima chako kina mwisho wapi?

#13 Mpimamaji
Mita 8. Skrini, ile sehemu ya bomba yenye matundu, inaanzia 5.0 hadi chini kabisa.

#14 Mchota Sampuli
Basi maji yakiwa 6.6 ulikuwa na mita 1.4 tu, chini ya lita 3 ndani ya kesingi. Ukitoa mara tatu kwa beila kwenye kisima kifupi hivyo, unaweza kukikausha, kisha maji yanarudi yakitiririka ndani kupitia matundu yakiwa wazi kwa hewa. Hapo benzini inapotea kabla hata hujafungua kichupa. Nimeona tofauti kubwa sana kwa sababu hiyo peke yake.

Pampu ya polepole inavuta kati ya mililita 100 na 500 kwa dakika, maji kisimani yasishuke zaidi ya sentimita 10, na unasubiri hadi vipimo vitulie: pH isicheze zaidi ya 0.1, upitishaji umeme asilimia 3, oksijeni asilimia 10, mara tatu mfululizo. Ndipo unajaza. Inakupa maji ya pale mdomo wa pampu ulipo, siyo uji. Mdomo uliuweka mita ngapi?

#15 Mpimamaji
5.5 mara zote mbili. Hapana, samahani, nimeangalia daftari: mara ya kwanza maji yalikuwa 5.6, kwa hiyo tuliweka 6.5. Mara ya pili ndiyo 5.5.

#16 Mchota Sampuli
Basi hizo nazo hazilinganishwi zenyewe kwa zenyewe. Mita nzima ya tofauti, karibu na juu ambako petroli hukaa. Unazo namba nane za njia moja, na namba mbili za njia nyingine kwa vina viwili. Mstari mmoja hauwezi kupita humo.

#17 Fundi Visima
Wakati huohuo mtazame jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Skrini inaanzia 5.0 na maji sasa yako 4.9. Usawa umeingia kwenye bomba lisilo na matundu. Kama kuna mafuta yanaelea nje, hayana mlango wa kuingilia kisimani. Namba 4 kwa sasa hakiwezi kukuonyesha mafuta hata yakiwepo. Kipimo cha kugundua mafuta na maji kikikaa kimya humo, ukimya huo hauna maana yoyote.

#18 Takwimu
Nimezipitisha namba kwenye jaribio la Mann-Kendall, lile linalolinganisha kila kipimo na vyote vilivyokifuata. Vipimo nane vya kwanza vina jozi 28, jumla inatoka hasi 26. Kushuka kwa wazi kabisa. Ukiongeza viwili vya mwisho jozi zinakuwa 45 na jumla hasi 17. Bado ni hasi! Ila haifiki tena uhakika wa asilimia 95.

Nimeweka hili kwa sababu nimeona ripoti zikiandikwa «mwelekeo unashuka» kwa msingi wa alama hiyo tu. Jaribio halijui kwamba kipimo cha mwisho ndicho kikubwa kuliko vyote. Halijui pampu wala kina. Linahesabu waliopanda na walioshuka, basi.

#19 Msafiri wa Mabonde
Mbona mnazunguka? Hii ni petroli mpya. Mkuu, kuna kituo kingine kinachofanya kazi jirani? Na tolueni, kiungo kingine cha petroli, inasemaje?

#20 Mpimamaji
Kipo, mita 60 upande maji yanakotoka. Tolueni ilikuwa chini ya 5 kwa mwaka mzima. Kipimo cha mwisho: 240.

#21 Msafiri wa Mabonde
Ndiyo hivyo. Petroli iliyozeeka ardhini hupoteza benzini na tolueni mapema, inabaki na ethilibenzini na zaileni. Ukiona tolueni imefufuka, kuna kitu kibichi kimeingia. Peleka mtu akakague matangi ya jirani kabla ya kuendelea kubishana kuhusu kata na kamba.

#22 Fundi Visima
Haraka hiyo itakuumbua. Tone lililonasa kwenye mchanga mkavu ni kama chupa iliyofungwa. Bakteria wanakula kilichoyeyuka ndani ya maji, hawaingii kwenye tone la mafuta. Humo ndani tolueni inaweza kukaa miaka mingi. Maji yakilifikia, linaitoa kana kwamba ilimwagika jana.

#23 Mchanga Mwekundu
Na hesabu ya mwendo inamkataa Msafiri pia. Tuseme mchanga wa kawaida unaopitisha maji mita 5 kwa siku, mteremko wa maji 0.004, na nafasi kati ya chembe ni robo ya ujazo. 5 mara 0.004 gawa kwa 0.25 unapata mita 0.08 kwa siku, karibu mita 29 kwa mwaka. Mita 60 ni miaka miwili, na benzini huchelewa kidogo nyuma ya maji kwa sababu inashikwashikwa na udongo. Tena ingepita namba 2 kwanza.

#24 Msafiri wa Mabonde
Hesabu yako ni ya mchanga. Mabomba ya majitaka na ya umeme yanazikwa kwenye mitaro iliyojazwa kokoto. Maji yakipanda hadi kwenye kokoto hizo, petroli inapata barabara, inavuka mita 60 kwa siku chache na kuvipita visima vyenu vyote pembeni. Maji yamepanda hadi 4.9. Mtaro una kina gani hapo?

#25 Mchanga Mwekundu
Hilo swali nalikubali. Ila 4.9 ni kina kirefu kwa mtaro wa kawaida.

#26 Jiwe la Mto
Naomba niwatulize kidogo wenye hofu ya nyumba za mita 150. Kule Bemidji, Minnesota, bomba lilipasuka 1989 na petroli ikaingia ardhini, na wataalamu wameona mkia wa benzini (maji machafu yanayosambaa kutoka kwenye chanzo) ukisimama wenyewe kwa sababu bakteria wanaula. Na utafiti wa California ulionyesha mikia hii haivuki mita 80.

#27 Mzee wa Ramani
Mwanangu Jiwe, nia ni njema lakini rekebisha mawili. Bemidji ilikuwa Agosti 1979, na yalikuwa mafuta ghafi, siyo petroli. Takriban lita milioni 1.7 zilimwagika na sehemu kubwa ikaondolewa, ila laki kadhaa za lita zilibaki ardhini. Wanasayansi wa serikali ya Marekani wamepafanya mahali pa utafiti tangu 1983, na mafuta bado yapo. Benzini haijaenda mbali kweli, lakini bakteria walikula oksijeni kwanza, kisha wakageukia chuma kilichoshikamana na mchanga, na chuma hicho nacho kina mwisho.

California ulikuwa utafiti wa 1995 wa maabara ya Lawrence Livermore, maeneo 271. Asilimia 90 ya mikia ya benzini haikuvuka futi 255, yaani karibu mita 78, ukipimia mpaka wa mikrogramu 10. Asilimia 90 siyo yote. Halafu mwaka mmoja tu baadaye, 1996, mji wa Santa Monica ukafunga visima vyake vingi vya maji ya kunywa kwa sababu ya MTBE, kiungo kilichokuwa kinachanganywa kwenye petroli. Kinayeyuka kwenye maji zaidi ya mara 20 kuliko benzini, hakishikwi na udongo, na bakteria wanakila kwa shida. Kinatangulia mbali.

Mpimamaji, je, MTBE unaipima?

#28 Jiwe la Mto
Nimesahihishwa, Mzee. Shikamoo.

#29 Mpimamaji
Haijawahi kuwemo kwenye orodha yetu. Tunapima benzini, tolueni, ethilibenzini na zaileni tu.

#30 Dada wa Maabara
Waulize maabara yenu kama mashine ilisoma wigo mzima au ilichagua viungo vinne tu. Kama ilisoma wigo mzima, kumbukumbu ya kila sampuli iliyopita wanayo, wanaweza kurudi kuitafuta MTBE humo bila sampuli mpya. Kiasi kitakuwa cha kukadiria, ila «ipo» au «haipo» utaipata. Ikiwa kituo kile cha zamani hakikuwahi kuuza petroli yenye MTBE halafu ikaonekana kwenye namba ya mwisho, Msafiri ana haki. Risasi, yale madini yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli zamani, nayo inasaidia upande wa pili: ikikutwa kwenye mafuta yenyewe, ni ya enzi za zamani.

#31 Mama Wawili
Samahanini, mimi si mtaalamu. Tunaishi karibu na palipokuwa na kituo cha mafuta na tunakunywa maji ya kisima. Hayanuki. Pia nayachemsha. Nisiwe na wasiwasi?

#32 Dada wa Maabara
Dada yangu, usiiamini pua kwa benzini. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, Marekani 5, Umoja wa Ulaya 1. Pua ya binadamu inaanza kuinusa benzini kwenye maji ikiwa imeshapita vikomo hivyo kwa mbali sana. MTBE ndiyo inayonuka mapema, hata kwenye mikrogramu 15 hivi wapo wanaoihisi.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na huko nakusifu. Benzini inatoka na mvuke na kuingia kwenye hewa ya jiko unayovuta wewe na watoto. Omba maji yapimwe viungo vya petroli kwa jina, usiseme «pimeni maji», maana watapima vijidudu na chumvi wakupe cheti kizuri. Ukiweza kupata chanzo kingine cha kunywa na kupikia wakati unasubiri, fanya hivyo.

#33 Mama Wawili
Asante sana. Nimeandika majina yote.

#34 Bomba Kuukuu
Nimesoma uzi wote, nashangaa wote mnalitazama tangi. Petroli ilikuwa inafikaje kutoka tangini hadi kwenye pampu za kuuzia? Kwa bomba, na bomba lina viungo. Nimefukua vituo kadhaa, na mara nyingi tangi lilikuwa zima kabisa, kiungo chini ya pampu ndicho kilichokuwa kinadondosha. Mpimamaji, pampu za kuuzia zilisimama upande gani, na mabomba yaling'olewa?

#35 Mpimamaji
Zilikuwa upande wa mashariki, karibu mita 10 kutoka namba 4, pale kilipo namba 3. Ripoti ya ufukuaji inataja tangi na udongo. Mabomba hayatajwi kabisa.

#36 Bomba Kuukuu
Hayatajwi maana yake yapo. Basi namba 2 kinaangalia shimo lililosafishwa, na namba 4 kinaangalia uchafu ambao hakuna aliyewahi kuufukua. Ndiyo sababu cha karibu kimetulia. Chanzo chako kiko pembeni.

#37 Fundi Visima
Hii naipenda. Ila haiondoi maji kupanda. Uchafu wa chini ya bomba nao unahitaji kitu cha kuuamsha.

#38 Mzee wa Ramani
Kama chanzo kiko pembeni basi mwelekeo wa maji ndio kila kitu. Mmechora ramani ya usawa mara ya mwisho lini? Maji yanaweza kugeuka nyuzi 20 au 30 kati ya msimu na msimu, au mtu akianza kuvuta kisima chake kwa nguvu. Mkia ni mwembamba. Ukisogea mita tano, kisima kilichokuwa ukingoni kinajikuta katikati, na namba inaruka bila hata tone kuongezeka ardhini.

#39 Mpimamaji
Tulitumia ramani ya mwaka wa kwanza. Nina vina vya visima vyote, naweza kuchora leo. Namba 1 kina mafuta yanayoelea, sentimita 40, je nichukue usawa wa juu wa mafuta?

#40 Kiguu na Njia
Chukua pale maji yanapoanzia, mafuta yatoe.

#41 Mzee wa Ramani
Hapana, wote wawili mtakosea. Mafuta yanayakandamiza maji chini. Zidisha unene wa mafuta kwa uzito wake ukilinganisha na maji, petroli ni kama 0.74, halafu uongeze kwenye usawa wa maji. 40 mara 0.74 ni karibu sentimita 30. Ukiyatoa, unaishusha namba 1 sentimita 30 za uongo, na kwa mteremko mdogo kama wako mshale utaelekea upande usio wake.

Na sentimita 40 kisimani si sentimita 40 ardhini. Ardhini ni pungufu sana, kisima kinayakusanya.

#42 Jiwe la Mto
Naruhusiwa kuongeza moja? Huenda bakteria ndio waliochoka. Wamekula oksijeni, naitreti, salfeti, vyote vimeisha, sasa benzini inapita bila kuliwa. Mkuu angepima oksijeni, chuma kilichoyeyuka na salfeti kwenye kila kisima angejua.

#43 Mchanga Mwekundu
Vipimo hivyo vinafaa, avichukue. Lakini bakteria hawachoki ndani ya miezi sita, na maji mapya ya mvua mara nyingi yanawaletea oksijeni na salfeti. Ningetegemea washibe, siyo wafe njaa.

#44 Takwimu
720 ni ngapi ya kiwango cha juu kinachowezekana? Benzini safi inayeyuka karibu miligramu 1,790 kwa lita. Petroli yenye asilimia 1 ya benzini inaweza kutoa kama miligramu 18 tu, yaani mikrogramu 18,000. Kwa hiyo 720 ni asilimia 4. Nimewahi kusoma kwamba ukivuka asilimia 1, mafuta yenyewe yako karibu.

#45 Mzee wa Ramani
Kanuni ya asilimia 1 ilizaliwa kwa vimiminika vizito vya klorini vinavyozama, siyo petroli. Itumie kama fununu.

#46 Mchota Sampuli
Kabla hamjafukua dunia nzima: mfuniko wa namba 4 mzima? Nimewahi kukuta mpira wake umekatika, maji ya mvua yaliyopita kwenye maegesho yanaingia moja kwa moja na mafuta ya magari.

#47 Mpimamaji
Kesho asubuhi nipo eneo. Nitaangalia mfuniko, nitapima kina visima vyote sita kabla ya kuwasha pampu yoyote, nitachota namba 4 kwa pampu kwenye 5.5 na 6.5, na mwisho kabisa kwa beila, siku ileile. MTBE, oksijeni, chuma na salfeti vimeingia kwenye orodha.

#48 Mchota Sampuli
Anza na kisafi, malizia na kichafu. Na mrija mpya kila kisima.

#49 Mpimamaji
Nimerudi kutoka eneo. Mfuniko wa namba 4 ni mzima, mpira wake mzima. Maji yamepanda tena, 4.7.

Namba 3 hakijawahi kuwa na mafuta tangu kichimbwe. Skrini yake inaanzia mita 4.0. Leo kipimo kimelia: sentimita 2 juu ya maji. Nimekisafisha na kurudia mara tatu, jibu lilelile.

#50 Bomba Kuukuu
Namba 3, pale pale pampu zilipokuwa. Nimesema.

#51 Msafiri wa Mabonde
Mafuta kuonekana maji yakipanda? Fundi mwenyewe na Mchanga walishasema yakipanda yananaswa. Hayo yameingia juzi.

#52 Fundi Visima
Yanaweza kusukumwa juu pia kama yalikuwa yamekaa kwenye usawa. Mpimamaji, usichote maji ya namba 3 kwanza. Chukua hayo mafuta yenyewe, hata mililita chache, kwenye kichupa cha kioo, yasomwe kama ni ya zamani au mapya.

#53 Dada wa Maabara
Na wenye visima vya mita 150 waambiwe leo, wasisubiri majibu yetu.

#54 Mpimamaji
Kichupa kiko kwenye barafu. Nyumba tatu za mwanzo nimeshafika, wameacha kuchota. Naelekea ya nne.